Bwana Maji wa Bwawa la Majivu

Msibani kule Iguguno walisoma wasifu wake. Walisema alizaliwa wapi, wazazi wake walikuwa kina nani na alisoma shule gani. Hayo sitayarudia, wenye kuyajua ni ndugu zake. Mwishoni msomaji alisema marehemu alikuwa mtu jasiri, asiyeogopa chochote mbele ya kazi. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wengine, nikanyamaza, maana msibani si mahali pa kubishana.

Lakini haikuwa kweli. Bwana Maji alikuwa mwoga. Sijawahi kufanya kazi na mtu mwoga kama yeye, na woga wake ndio ninaoulilia.

Bwana Maji tulimwita sisi vibarua, kama watu wanavyosema Bwana Shamba au Bwana Afya. Nje ya Shelui, upande wa vilima, palikuwa na mtambo mdogo wa umeme. Ulichoma makaa ya mawe yaliyoletwa na malori kutoka kusini, na umeme wake uliendesha mgodi uliokuwa jirani. Majivu yalichanganywa na maji, yakasukumwa kwa bomba hadi kwenye bwawa lililochimbwa kwa kazi hiyo. Umeme wa gridi ulipofika, mtambo ukazimwa. Bwawa likabaki. Ili lifungwe ilibidi maji yatolewe kwanza, majivu yakauke, kisha yafunikwe kwa turubai nene na udongo. Maji yenyewe yalikuwa na sumu ya majivu, hayakufaa kumwagwa hivihivi. Bwana Maji aliletwa kuyasafisha.

Mimi nilikuwa upande wa chokaa. Nina elimu ya darasa la saba, kwa hiyo nitaieleza kazi ile nilivyoielewa. Maji yalivutwa kwa pampu kutoka bwawani hadi kwenye tangi kubwa. Tukatia chokaa, halafu dawa nyingine ya rangi ya kutu, mashine ikakoroga. Baada ya muda uliona madonge yanajikusanya kama maziwa yanapokatika, yakazama polepole na kubeba sumu. Maji ya juu yakapita kwenye mchanga, yakapimwa, na yakikubalika vali ikafunguliwa, yakaenda korongoni.

Korongo lile linapita chini ya kijiji chetu. Kiangazi likikauka tunafukua mchanga mpaka maji yatoke, tunachota kwa kata. Ndiyo maji yetu ya kunywa. Nyumba yangu ilikunywa hayo, na nyumba zote ulizoziona ukisimama kwenye ukuta wa bwawa zilikunywa hayo. Bwana Maji siku yake ya kwanza alisimama juu ya ukuta ule, akauliza, "Wale wanafanya nini kule mchangani?" Tukamwambia wanachota maji. Akavua kofia, akaishika kifuani kama mtu aliyepewa habari ya kifo.

Aliogopa mbwa. Aliogopa radi, na ikipiga alikuwa anaingia kwenye kibanda cha vipimo anakaa na miguu juu ya stuli. Aliogopa pikipiki kuliko vyote, kutoka Shelui hadi kwenye bwawa alitembea, jua likiwaka, na bodaboda wakimpita wanampigia honi na kumwita, "Mzee, panda, sikuangushi!" Hakuwahi kunywa maji ya mtu. Alikuja na chupa ya chai kutoka kwake na alirudi nayo. Alinawa mikono kabla ya kwenda chooni, na akitoka alinawa tena.

Dirishani mwa kibanda alipanga chupa za maji ya kila siku. Alipenda kuinama na kuangalia vitako vyake, kama kuna kitu kimetua.

"Mbona yako safi kabisa, mzee," Jumanne alimwambia siku moja. Jumanne ndiye aliyekuwa mtu wa pampu, na alikuwa na mdomo.

"Nani kakwambia safi?"

"Macho yangu."

"Macho yako yanapima nini?"

"Yanapima wasichana, mzee. Hayajawahi kukosea."

Sote tukacheka. Bwana Maji hakucheka. Akasema, "Usiniambie unaona nini. Niambie umepima nini." Neno hilo alilirudia mpaka likawa wimbo wetu. Mtu akisema ugali umeiva, mwenzake anamwuliza umepima nini.

Alitutaka pia tuseme kwa mdomo kila tulichofanya. Ukitia chokaa, sema nimetia chokaa.

"Jumanne, umefunga ile vali ya kurudishia maji bwawani?"

"Imefungwa, mzee."

"Umeifunga, au umeikuta imefungwa?"

"Sasa tofauti iko wapi?"

"Nenda kaifunge."

"Imefungwa!"

"Kaifungue, halafu uifunge."

Jumanne alikuwa anakwenda huku anasema kwa sauti, ili sote tusikie, kwamba Bwana Maji anaogopa hata kivuli cha ndoo. Bwana Maji alisikia. Alijibu, "Ndiyo, naogopa," basi, akaendelea na kazi.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mkali isivyo lazima. Kulikuwa na mwanamke mwenzetu, mama wa mapacha, aliyechota maji ya tangi la mwisho ili afue kanga. Yalikuwa yamekwisha kupita mchangani. Bwana Maji alimfukuza kazi mbele yetu, akamwita mjinga, na yule mama akalia mpaka getini. Hakumwomba radhi. Ila nilimwona mara kadhaa sokoni Shelui akimwona yule mama anageuza njia, anajificha nyuma ya magunia ya alizeti mpaka apite. Huo nao ulikuwa woga, na huo haukumsaidia mtu.

Na mtu huyohuyo, mvua ikinyesha, alipanda ukuta wa bwawa peke yake. Ukuta ule ulikuwa wa udongo. Alitembea juu yake kutoka mwisho hadi mwisho, radi zikipiga, akitafuta nyufa, huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya sana. Akirudi alikuwa anatetemeka hata hawezi kufungua vifungo vya koti. Nilikuwa namfungulia mimi. Nilimwuliza kwa nini asimtume Jumanne. Alisema, "Jumanne haogopi. Hataona kitu."

Kazi ilikwenda vizuri muda mrefu. Bwawa likashuka. Maji yaliyotoka yalifuata korongo na kulowesha mchanga, hata visima vyetu vya mchangani vikawa vifupi. Hukuhitaji kufukua sana. Watu walifurahi. Wafugaji walileta ng'ombe kutoka mbali. Mama mkwe wangu, ambaye si mtu wa kusifu, alisema mtambo ule tangu uje haujawahi kufanya jambo la maana ila hili.

Lakini kadiri bwawa lilivyoshuka ndivyo Bwana Maji alivyozidi kukonda. Sisi tuliona tunakaribia kumaliza. Yeye alisema ndiyo kwanza tunaanza. Aliniambia, "Mama Neema, yale ya juu yalikuwa mvua tu. Haya ya chini yamelala ndani ya majivu miaka yote. Yamekunywa kila kitu."

Na kweli, siku moja vipimo vilikataa. Maji yalikuwa meupe, yanang'aa, ukiyatazama kwenye chupa hukuona tofauti na ya jana. Lakini chokaa ileile na dawa ileile havikuyatosha tena. Akapima tena. Akamwita meneja wa kazi ile. Meneja naye alikuwa na hofu yake: mvua zilikuwa karibu, na bwawa likijaa tena ukuta ungeweza kushindwa. Wakaongea mlango umefungwa. Kisha Bwana Maji akatoka, akafunga ile vali ya korongoni kwa mikono yake, akaifunga kwa mnyororo. Maji tuliyosafisha yakawa yanarudishwa bwawani, tunajaribu kipimo kipya cha dawa, yanarudishwa tena.

Korongo likakauka. Visima vikazama. Baada ya siku chache watu walikuja getini na ndoo tupu, na mbele yao mama mkwe wangu.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilisimama ndani ya uzio na buti zangu za chokaa, familia yangu iko nje.

"Shikamoo, mama," Bwana Maji alisema kwa heshima, ingawa umri wao haukupishana sana.

"Marahaba. Tumekuja kuomba maji yetu."

"Mama, yana sumu."

"Wiki iliyopita hayakuwa nayo?"

"Wiki iliyopita yalikuwa ya juu."

Mfugaji mmoja akasema kwa nyuma, "Ng'ombe wangu hajasoma, lakini anajua maji mabaya. Haya anayalilia!" Watu wakacheka. Mama mkwe akamwangalia Bwana Maji toka kofia hadi viatu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na kila mtu aliiona.

"Baba, wewe unaumwa?" akamwuliza.

"Siumwi, mama. Naogopa."

"Unamwogopa nani? Sisi?"

"Na ninyi pia."

Hapo wakacheka sana, na kicheko kile ndicho kilichowatawanya. Huwezi kumpiga mtu aliyekwisha kukuambia kwamba anakuogopa. Meneja akaleta boza la maji kutoka mjini, likawa linakuja mara kwa mara, haliwatoshi. Watu waliondoka wakisema yule mzee ana jini la maji. Vali haikufunguliwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo msibani hakuna aliyelisema, kwa sababu kati ya waliokuwapo hakuna aliyelijua ila mimi.

Kwetu mlenda unapikwa kwa magadi. Bila magadi haulegei, unabaki kama majani ya ng'ombe. Wengine wananunua dukani, lakini bibi zetu walikwenda mbugani kiangazi, pale maji ya chumvi yanapokauka, wakakwangua ule unga mweupe unaobaki juu ya ardhi. Ng'ombe nao wanapelekwa kulamba. Hakuna mtoto wa kwetu asiyejua kwamba ukiona weupe pembeni ya maji yaliyokauka, hayo ni magadi.

Na bwawa la majivu lilikuwa linakauka.

Upande wa mbali, ambako sisi wa chokaa hatukufika, uzio ulikuwa umelala. Bwana Maji aliogopa maji. Aliogopa ukuta, vali, bomba, radi. Lakini hakuwa mtu wa huku, na kwao magadi yalitoka dukani yakiwa kwenye mfuko. Ule weupe uliotokea ukingoni aliuona kila siku. Kwake ulikuwa ni majivu yaliyokauka, wala hakufikiri kwamba kuna mwanadamu angeutaka.

Nilirudi nyumbani mchana mmoja, kwa sababu chokaa ilikuwa imeisha. Mama mkwe alikuwa jikoni, mlenda unachemka. Neema na mdogo wake walikuwa wamekaa karibu na moto wanasubiri. Mama mkwe alichukua kibuyu, akamimina unga kidogo kiganjani, akautia chunguni. Unga ulikuwa mweupe, lakini kwa ndani una rangi ya kijivu. Ile rangi nilikuwa naifua kutoka kwenye nguo zangu kila jioni.

"Mama, haya magadi ya wapi?"

"Ya bure," akasema. Alikuwa na furaha. "Nyinyi mmetunyima maji, angalau Mungu ametupa magadi. Yako kule bwawani, ya kukwangua tu. Wenzangu wote wamechukua."

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini tunakula haya, mama?"

Akashusha kibuyu. Nadhani aliona uso wangu. Nilinyanyua chungu kikiwa cha moto, nikakimbia nacho nje na kukimwaga kwenye shimo la taka, nikafukia. Vidole viliungua na sikusikia. Mama mkwe alinifuata akinisema kwa Kinyiramba maneno ambayo mkwe haambiwi. Watoto walikuwa wanalia njaa. Nami nilikuwa nahesabu moyoni mara ngapi tumekula mlenda, sikuweza, kwa sababu kwetu mlenda ni chakula cha kila siku. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeula jana yake na kuomba niongezewe.

Nilirudi bwawani mbio. Nilimweleza Bwana Maji. Alikaa chini, palepale kwenye udongo, na buti zake, kama mtoto. Kisha akasimama, akachukua kapu la kubebea chokaa, akaniambia, "Nipeleke."

Alipita nyumba kwa nyumba mimi nikiwa mbele. Kila mlango alibisha hodi, akasalimia, akaomba magadi ya bwawani. Hakutoa amri. Aliomba, kofia mkononi. Wengine walimpa huku wakimcheka. Mzee mmoja alimwuliza, "Maji umetunyima, sasa umekuja kuzuia na mboga?" Wengine walisema hawana, na tulijua wanayo. Kwa mama mkwe aliingia mpaka jikoni. Akapiga magoti mbele ya yule mama aliyemcheka getini.

"Mama, nisamehe. Sikujua kwamba mnakwangua. Ningejua ningelala kule ukingoni."

Mama mkwe akaangalia pembeni. Kisha akachukua kibuyu, akakitia kapuni kizima, na unga na kibuyu chenyewe. Kilikuwa kibuyu cha mama yake.

Meneja alitoa gari, watoto wa nyumba zile wakapelekwa hospitali mjini Singida. Walipimwa. Tuliambiwa hawaonekani kuwa na tatizo kwa sasa, turudi baadaye. Lile neno "kwa sasa" nimeishi nalo. Uzio ukanyanyuliwa. Dawa mpya ikapatikana, maji yale ya chini yakakubali kwenye vipimo, na mnyororo ukafunguliwa kabla mvua hazijawa kubwa. Bwawa likafunikwa. Leo kuna nyasi pale, na mgeni akipita anadhani ni kilima kidogo tu.

Lakini Bwana Maji alikuwa amesoma, au ameambiwa na daktari, kwamba moja ya zile sumu ikikaa mwilini inaweza kujionyesha baadaye kwenye viganja na nyayo. Ngozi inakuwa ngumu, inatoa vipunje kama vya mtama. Kwa hiyo tangu siku ile aliwasalimia wanangu kwa namna yake. Watoto wakisema "shikamoo, babu," anasema "marahaba," halafu anasubiri. Nao wananyoosha mikono, viganja juu. Anaviinamia kama alivyoinamia chupa dirishani. Anapitisha kidole gumba. Kisha anasema, "Haya, kachezeni."

Alifanya hivyo mpaka kazi ilipokwisha, na aliendelea kufanya baada ya kustaafu na kuhamia Iguguno. Alikuwa anakuja na basi, anashuka barabarani, anatembea. Haleti zawadi, hakai sana, hanywi maji yetu. Anafungua chupa yake ya chai, anauliza, "Wanakula? Wanalala vizuri?" Anaangalia mikono, anaondoka. Watoto walidhani ndivyo babu wote wanavyosalimia. Mdogo alikwenda kwa babu mwingine akanyoosha viganja, akapewa pipi.

Mara ya mwisho alikuja na bodaboda. Niliposikia pikipiki uani sikufikiri ni yeye. Alikuwa ameng'ang'ania mgongo wa dereva, macho yamefumbwa.

"Mama, mchukue mtu wako," dereva akasema. "Amenikumbatia toka barabarani kama mchumba."

"Miguu imekataa," Bwana Maji aliniambia. "Nimechagua woga mdogo."

Macho yake yalikuwa na ukungu. Nilimkalisha kwenye kiti kivulini mwa nyumba. Tukaongea juu ya mama mkwe, ambaye tulikuwa tumemzika kwa uzee wake, angalau uzee ndio tulioambiwa. Neema akarudi kutoka kupalilia alizeti, msichana mkubwa sasa, akaegemeza jembe ukutani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Akanyoosha mikono bila kuambiwa. Bwana Maji hakuweza kuona, kwa hiyo alipapasa. Kidole gumba kilitembea kiganjani, kikafika chini ya vidole, kikasimama. Kikarudi. Kikasimama palepale.

Akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Hapa pana ugumu," akasema.

"Ni jembe, babu," Neema akasema akicheka. "Tunapalilia."

"Na huku?"

"Jembe lilelile."

"Vua viatu."

Neema akaniangalia. Nilimwonyesha kwa kichwa avue. Bwana Maji akainama kwa shida, akapapasa nyayo zake zote mbili, kisigino hadi vidole. Kisha akasema, "Lete hilo jembe."

Neema akalileta. Bwana Maji akamwambia alishike kama anavyolima, akaweka vidole vyake juu ya vidole vya mwanangu, akawa anapapasa mpini unapita wapi. Akamfungua mkono, akatafuta ule ugumu. Akamfunga tena juu ya mpini. Alirudia hivyo mara nyingi, taratibu.

"Umekaa," akasema mwishoni. "Mpini umekaa palepale. Ni jembe."

Alisema kama mtu anayeomba, si kama mtu anayejua. Neema akavaa viatu akaenda kunawa.

Dereva alikuwa ameanza kuwasha pikipiki. Nilijua Bwana Maji anataka kuinuka, nikampa mkono nimsaidie. Hakuinuka. Aliushika mkono wangu, akaugeuza, kiganja juu. Miaka yote ile hakuwahi kuangalia changu, nami nilikula chungu kilekile.

Akapapasa. Mikono yangu ilianza kulima kabla sijakwenda shule, na chokaa ya bwawani iliongeza yake. Hakuna sehemu laini hata moja. Alitafuta kwa muda mrefu, kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi ncha za vidole, kama alivyotafuta nyufa kwenye ukuta.

"Huu sitaweza kuujua, mwanangu," akasema. "Umelima sana."

Dereva akapiga honi. Bwana Maji hakuuachia mkono. Nami sikuuvuta, tukakaa hivyo mpaka dereva akazima pikipiki akasubiri.